Waraka wa Wazi kwa Kamati ya Ujenzi: Mwiteni Mchongaji Mapema

Mheshimiwa Padri Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Ujenzi wa Kikanisa,



Gazeti hili linawaandikia kwa heshima, na kwanza kabisa linawapongeza. Kupata kinanda cha mabomba kwa ajili ya kikanisa cha shule si jambo la kila siku hapa nchini. Makanisa yetu mengi huimba kwa kinanda cha umeme, na yapo yanayoimba kwa ngoma na kayamba, tena yakaimba vizuri sana. Ninyi mmepata chombo chenye mamia ya mabomba, zawadi ya parokia moja ya Ujerumani iliyofungwa, na mmekitoa bandarini kikiwa salama. Kwa hilo mnastahili shukrani. Jina la shule na la jimbo hatulitaji, kwa kuwa nia yetu si kumwaibisha mtu. Ninyi mnajijua, na kamati nyingine zitakazosoma waraka huu zitajipima zenyewe.

Tunaandika kwa sababu ya mchoro. Kinanda kilifika kwenye makasha bila kabati lake, maana lile la awali lilijengewa ukutani kule kwao na halikuweza kung'olewa. Sasa inabidi mtengeneze jipya, na mchoro wake umebandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mlango wa sakristia. Tumesimama mbele yake tukautazama kwa makini. Unaonyesha sanduku la ubao wa kiwandani wa MDF lenye kimo cha mita nne, lililopakwa rangi ya kuiga mninga. Juu yake kuna ncha tatu za mtindo wa Kigothiki, za kukatwa kwa mashine na kubandikwa kwa gundi. Ubavuni wamesimama malaika wawili wa jipsamu wenye nywele za rangi ya dhahabu. Katikati, mahali ambapo jicho hutua kwanza, pana mstatili mtupu ulioandikwa kwa kalamu: "majina ya wafadhili". Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: "nakshi baadaye, fedha ikibaki". Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tuwaandikie.

Ombi letu kuu, ambalo mengine yote yanatoka humo, ni hili: mwiteni mchongaji sasa, kabla seremala hajakata ubao wa kwanza. Katika nguo, pambo huweza kushonwa mwishoni. Katika kabati la kinanda nakshi ina kazi ya kufanya, na asiyeijua kazi hiyo mapema hulazimika kubomoa alichokwisha kujenga.

Tueleze kidogo, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajapata kukiona chombo hiki kwa ndani. Katika safu ya kawaida ya mabomba, lile refu kuliko yote, lenye sauti nzito, lina urefu wa takriban mita 2.4. Ukipanda oktavo moja, urefu hupungua nusu. Ukipanda nyingine, nusu tena. Hadi unafikia vibomba visivyozidi penseli. Mabomba haya yakipangwa mbele ya kabati, vichwa vyake hufanya mteremko, ilhali ukingo wa kabati juu yake umenyooka. Kati ya mteremko na ukingo hubaki mwanya wa pembetatu. Mwanya huo ndio uwanja wa mchongaji tangu karne nyingi zilizopita: hapo huwekwa pazia la mbao lililochongwa majani, maua au ndege, na kutobolewa kati ya jani na jani. Macho yanaona nakshi badala ya uwazi mbaya, na sauti inapita kwenye matundu. Pazia likiwa zito na lenye matundu machache, sauti inakwama. Likiwa jembamba kupita kiasi, linapasuka kiangazi cha kwanza. Kwa hiyo mchongaji anahitaji kujua kimo cha kila bomba, naye seremala anahitaji kujua mchongaji ataegemeza wapi mbao zake.

Tena kabati lenyewe ni sehemu ya ala. Paa lake, mgongo wake na mbavu zake hukusanya sauti za mabomba yote, huzichanganya, kisha huzisukuma mbele kwa waumini. Paa hilo hilo huzuia vumbi na, kwa makanisa yetu, kinyesi cha popo. Anayelichukulia kabati kama kifuniko tu atalichora vibaya, hata kama mkono wake ni mzuri.

Historia inatupa mfano wa mafundi wasioelewana. Katika miaka ya 1690, Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo jijini London lilikuwa na msanifu Christopher Wren, fundi wa vinanda Bernard Smith na mchongaji Grinling Gibbons. Inasimuliwa kwamba mabomba ya Smith hayakuenea ndani ya kabati alilolisanifu Wren, naye Wren akakataa katakata kuliongeza, huku akikibeza kinanda kizima kuwa ni sanduku la filimbi tu. Mwaka 1872 kinanda hicho kiligawanywa sehemu mbili, nusu upande huu wa kwaya na nusu upande ule, na mitambo ya ndani imejengwa upya zaidi ya mara moja. Lakini nakshi za Gibbons zipo, na watu bado wanakwenda kuzitazama. Mitambo hubadilishwa, mbao zilizochongwa vizuri hurithiwa. Je, mpo tayari kuwaketisha fundi wa kinanda, seremala na mchongaji meza moja katika kikao chenu kijacho? Tunaomba jibu.

Jambo la pili ni mtindo. Hatuna ugomvi na Gothiki pale ilipozaliwa. Tunauliza kwa nini ncha tatu za Gothiki zisimamishwe ndani ya kikanisa chenye paa la bati, madirisha ya matofali ya kupitisha upepo na minazi uani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, kifungu cha 120, ulikiheshimu sana kinanda cha mabomba. Hati hiyo hiyo, kifungu cha 123, ilisema wazi kwamba Kanisa halijajichagulia mtindo mmoja wa sanaa uwe wake, na kwamba sanaa ya zama zetu na ya kila taifa na kila nchi ipewe nafasi, mradi ihudumie ibada kwa heshima. Ninyi mnaijua hati hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana tunashangaa kwamba mchoro wenu umetekeleza kifungu cha 120 na kukiruka cha 123.

Wala si jambo geni kwetu. Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement wa Wamisionari wa Afrika alijenga tangu miaka ya 1950 mahali ambapo kanisa la duara linazungumza kwa sura ya nyumba na vitu vya enzi vya Wasukuma. Waumini hawakupoteza imani kwa sababu hiyo. Huko Mexico, katika jimbo la Oaxaca, mafundi walipamba vinanda kwa mkono wao wenyewe: kile cha kanisa la Tlacochahuaya, cha karne ya 18, kimechorwa maua yanayofanana na maua ya kuta za kanisa lenyewe, hata huwezi kusema kimetoka mbali. Katika vinanda vya eneo hilo mabomba ya mbele yalichorwa nyuso za watu, na mahali bomba linapotolea sauti pakawa ndipo kinywa cha ule uso. Ni mzaha mdogo wa fundi, lakini unafundisha kuliko mahubiri: mtoto akitazama anajua mara moja kwamba bomba linaimba.

Sisi hapa pwani tuna nini? Tuna milango. Fundi wa Unguja au wa Lamu anajua miimo miwili ya pembeni, kizingiti cha juu na mfaa wa katikati unaogawa mbao mbili; anajua mnyororo unaopanda ukingoni, samaki chini, mawimbi, yungiyungi na mtende. Kabati la kinanda tangu Enzi za Kati lilikuwa na milango ya namna hiyo. Kinanda cha kanisa la Valère, mjini Sion huko Uswisi, cha miaka ya 1430, ambacho ni miongoni mwa vinanda vya kale zaidi duniani vinavyoweza kupigwa hadi leo, kina mbawa mbili zilizochorwa picha takatifu. Zikifungwa, zinakinga mabomba. Zikifunguliwa, zinakuwa mapambo ya kulia na kushoto. Basi kwa nini mlango huo usichongwe na fundi wa milango? Na kama mnataka minara, yupo Mmakonde anayeweza kusimamisha watu kumi katika gogo moja, mmoja akimbeba mwenzake, kwa mtindo tunaouita ujamaa. Mcheza kwao hutunzwa.

Hapa tunajua kuna mjumbe atakayenong'ona kwamba nakshi za milango ni za Waislamu. Tumjibu kwa upole. Ufundi huo umepokea mengi kutoka Uarabuni na India, na mikono ya pwani imeufanya kuwa wake. Mnyororo, ua na wimbi havina dini. Lakini palipoandikwa aya ya Kurani juu ya kizingiti, hayo ni maneno matakatifu ya jirani, na hayanakiliwi kuwa urembo wa kujazia nafasi. Fundi mzuri anaijua tofauti hiyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kumwita yeye badala ya kupakua picha mtandaoni na kuitia kwenye mashine ya kukata. Tunaomba mwagize walau michoro miwili ya mtindo wa kwetu, kisha mlinganishe na huu mlio nao. Mtafanya hivyo?

Jambo la tatu ni nyuso. Nakshi inaweza kumheshimu mtu na inaweza kumtukana. Katika kanisa kuu la Barcelona huko Hispania, na katika lile la Perpignan kusini mwa Ufaransa, palitundikwa chini ya kinanda kichwa cha mbao chenye ndevu, kichwa cha Mmoor, yaani Mwislamu wa Afrika Kaskazini na Hispania ya kale, taya lake likichezeshwa ili watu wacheke. Kile cha Barcelona kilikuwa kikiwatemea watoto peremende sikukuu ilipofika. Watoto walifurahi, bila shaka. Lakini kilichoning'inia pale ni kichwa cha adui aliyeshindwa, ndani ya nyumba ya sala, chini ya ala ya kumsifu Mungu.

Sasa linganisheni na kazi ya Thomas Dallam, fundi Mwingereza. Mwaka 1599 alisafiri hadi Istanbul kumpelekea Sultani Mehmed III kinanda kilichokuwa zawadi ya Malkia Elizabeth I. Juu ya kabati alikuwa ameweka kichaka kilichojaa ndege, na muziki ulipokwisha ndege hao waliimba na kutikisa mabawa. Mkristo alimpelekea Mwislamu ndege. Mafundi wa Ulaya ya Kaskazini nao waliweka juu ya kabati nyota ya mbao inayozunguka kwa nguvu ya upepo wa kinanda, na nyuma yake kengele ndogo zinazolia inapozunguka. Nakshi za namna hii hazimdhihaki mtu yeyote, na kila anayeingia anatabasamu.

Malaika wenu wa jipsamu hawamtukani mtu, tunakiri. Hata hivyo watoto watakaoimba chini yao watajifunza kwamba mbinguni hakuna anayefanana nao. Kama lazima wawepo malaika, mchongaji achukue uso kutoka kwenye madawati ya kwaya. Na kama mnaona uso utaleta maneno, ndege wapo, tena wa kwetu: chiriku, njiwa, kanga. Mmepanga nini kuhusu jambo hili?

Jambo la nne ni ukweli wa mbao. MDF ina matumizi yake, na seremala anayeitumia kwa kabati la jikoni hatumlaumu. Lakini ikinyonya unyevu huvimba, na kingo zake humomonyoka; nanyi mpo umbali mfupi kutoka baharini. Kuipaka rangi iigize mninga, katika nchi inayoota mninga wenyewe, ni jambo gumu kulieleza mbele ya waumini waliochanga. Tazameni Las Piñas, huko Ufilipino. Padri Diego Cera alipojenga kinanda chake alitumia alichokuwa nacho. Alianza mwaka 1816 na kumaliza mwaka 1824. Kati ya mabomba 1,031 ya kinanda hicho, 902 ni ya mianzi. Inasimuliwa kwamba mianzi hiyo aliizika kwanza kwenye mchanga wa pwani ili wadudu wasiile. Kati ya mwaka 1973 na 1975 kinanda hicho kilipelekwa Ujerumani kukarabatiwa, kikarudi, na hadi leo kinapigwa. Padri Cera hakupaka mianzi rangi ya bati. Aliiacha ionekane kuwa mianzi, na ndiyo iliyokipa kinanda kile jina duniani kote.

Kwa hiyo tunaomba mbao halisi. Kama ni mninga, mkongo, mvule au mfenesi, mafundi wenu watashauri. Tunachosisitiza ni mambo matatu. Mbao zinunuliwe kwa hati halali za Wakala wa Huduma za Misitu, na nakala za hati hizo ziwekwe kwenye jalada la mradi, ili asije mtu kusema kanisa lilijenga kwa magogo ya wizi. Mbao zikauke vya kutosha kabla ya kuunganishwa, maana mbao mbichi hutanuka na kusinyaa kwa upana wake hadi kiungo kinaachia. Na vibao vya kati viachwe huru ndani ya mifuo ya fremu, visigandishwe kwa gundi, ili vipate nafasi ya kupumua masika na kiangazi. Mbao huweza pia kubeba kumbukumbu. Katika kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, upo msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone mwaka 1873. Ni mbao kavu tu kwa asiyejua, lakini wageni hawaondoki bila kuonyeshwa. Huenda shule yenu ina mwembe wa zamani ulioanguka, au mlango wa jengo la kwanza uliowekwa stoo. Mmeuliza?

Jambo la tano linagusa mifuko, nasi tunalisema kwa tahadhari. Ule mstatili wa "majina ya wafadhili" uondolewe mbele ya kabati. Wafadhili wanastahili shukrani, tena kubwa, lakini paji la uso la kinanda si daftari la michango. Katika kikanisa cha King's College, Cambridge, kinanda kimesimama juu ya kiambaza kikubwa cha mbao kilichochongwa katika miaka ya 1530. Humo zimechongwa herufi za mfalme Henry VIII na za malkia wake Anne Boleyn, zimefungamana kama wapenzi. Mwaka 1536 mfalme huyo alimkatisha kichwa malkia huyo. Herufi zikabaki. Dallam, yule yule wa ndege wa Istanbul, alipokuja kujenga kinanda mwaka 1605 na 1606, alikisimamisha juu ya herufi hizo, na hadi leo kila msomaji wa historia anazitafuta kwa kidole. Hatuwatabirii wafadhili wenu mabaya. Tunasema tu kwamba urafiki wa wakubwa hubadilika upesi kuliko mbao. Andikeni majina yao kwenye kitabu cha parokia, au kwenye kibao cha shaba upande wa ndani wa mlango wa kabati, atakapokiona fundi wa kurekebisha sauti kila anapofungua. Jina linalostahili kuchongwa, kwa herufi ndogo pembeni, ni la aliyechonga. Gibbons tunamkumbuka kwa jina. Kwa nini fundi wetu awe hana jina?

Na huyo fundi ni nani, analipwa nini? Hili ni jambo la sita. Mtembeleeni kazini kabla ya kumwandikia mkataba. Mtamkuta ameketi chini, ubao umelazwa mbele yake, mchoro umehamishwa juu yake kwa penseli. Anaanza na keekee, anatoboa matundu madogo kuzunguka kila jani. Kisha anapitisha msumeno mwembamba kutoka tundu hadi tundu. Kisha patasi, kubwa kwanza na ndogo baadaye, akizifuata nyuzi za mbao, maana akienda kinyume jani linabanduka lote. Tundu lile lile analolitoboa kwa ajili ya kupendeza ndilo litakalopitisha sauti ya kinanda chenu. Kazi hiyo haiendi kwa saa za mashine, na haiwezi kulipwa kwa fedha "ikibaki". Mwandikieni mkataba wenye malipo ya awamu, na kipengele cha kufundisha. Shule yenu ina vijana. Wawili au watatu wakikaa na fundi huyo hadi kazi iishe, mtakuwa mmepata kabati na mafundi kwa gharama moja. Je, kipengele hicho kinaweza kuingia kwenye makubaliano?

Tunajua mtatujibu kwa neno moja: fedha. Tumelitafakari. Hati ile ile ya Mtaguso, kifungu cha 124, inawataka maaskofu watafute uzuri wenye heshima kuliko fahari ya gharama. Hatuwaombi kabati la London. Tukipewa kuchagua kati ya sanduku kubwa lenye ncha tatu za kubandika, malaika wawili wa jipsamu na rangi ya dhahabu ya kopo, na kabati dogo la mbao halisi, lililoungwa vizuri, bila pambo lolote isipokuwa pazia moja la nakshi juu ya mabomba ya mbele, tutachagua la pili bila kusita. Fedha ikiwa haba, punguzeni eneo la nakshi, msipunguze ubora wake. Sehemu nyingine ziachwe wazi na safi, na mchongaji aandae mahali pake ili kizazi kijacho kiongeze kikijaliwa. Nafasi iliyoachwa kwa makusudi haiaibishi mtu. Nakshi ya uongo inaaibisha, na haipiti miaka mitano kabla gundi yake haijaachia.

Mwisho ni utaratibu. Kifungu cha 126 cha hati hiyo kinataka kazi za sanaa zinapoamuliwa isikilizwe tume ya jimbo ya sanaa takatifu, na wataalamu wengine ikibidi. Ubao wenu wa matangazo hautuambii kama hilo limefanyika, kwa sababu mchoro umebandikwa bila jina la mchoraji, bila tarehe ya kikao, bila mahali pa kupeleka maoni. Waumini waliochanga wanautazama, wananong'ona, wanaondoka. Tunaomba mchoro urudishwe ukiwa na maelezo yake, kwa kipimo kinachoeleweka, na ukae hapo Jumapili kadhaa. Wekeni sanduku la maoni. Wapeni walimu wa kwaya nafasi ya kusema, maana wao ndio watakaokaa karibu na kabati hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Kisha amueni, kwa mamlaka mliyopewa, na uamuzi wenu tutauheshimu hata kama haukutufurahisha.

Tukusanye tuliyoyaomba, ili asije mtu kusema hatukueleweka. Mchongaji aitwe mezani kabla ya kazi kuanza. Michoro miwili ya mtindo wa kwetu iagizwe na kulinganishwa. Nyuso zitakazochongwa zifanane na watu wa hapa, au wawe ndege. Mbao ziwe halisi, kavu na halali. Majina ya wafadhili yatoke mbele, la fundi liingie. Mkataba uwe wa haki na uwe na wanafunzi. Na waumini waulizwe.

Mheshimiwa Padri Mwenyekiti, nafasi ya majibu yenu tumeitenga katika gazeti hili, nasi tutayachapisha yote kama yalivyo. Tunaomba yatufikie kabla seremala hajapewa malipo ya awali, kwa sababu baada ya hapo tutakuwa tunabishana juu ya mbao zilizokwisha kukatwa. Nanyi wasomaji mlio katika kamati nyingine za ujenzi, iwe ya kanisa, ya msikiti au ya shule: kabla ya kuidhinisha mchoro wowote, ulizeni mchongaji wa eneo lenu ameketi wapi katika kikao hicho. Kama hayupo, ahirisheni kikao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhariri